Nani Kamtuma Shemeji Jikoni?

Aliyeandika kwenye maelekezo ya mchuzi wa nyama kwamba vitunguu vinakuwa vya kahawia kwa dakika tano ajitokeze. Sina nia mbaya, nataka tu nimkabidhi mwiko. Nimevisimamia weee, bado vyeupe, vinanitazama. Karoti nimekata, selari nimekata, mafuta yananirukia kila nikigeuka, na watoto huko sebuleni washaanza kuuliza, "Bado?"

Nyama ya kusaga nayo ina maringo. Ukiimwaga yote kwa pamoja inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, unabaki na kitu cha kijivu kisicho na mbele wala nyuma. Yenyewe inataka itiwe kidogo kidogo, moto mkali, isikorogwe mpaka ishike chini, maana utamu wote uko kwenye kule kushika. Halafu nyanya, halafu moto mdogo saa mbili tatu. Kazi ya mtu mwenye subira. Subira ninayo. Nilikuwa nayo, mpaka alipoingia shemeji.

Shemeji hapiki. Shemeji ana simu. Mkono mmoja simu, mkono wa pili mkate, akaja kusimama palepale droo ya vijiko inapofungukia.

"Shem, huo mchuzi gani?"

"Wa nyama na nyanya."

"Wa Bologna?"

"Wa humu jikoni."

Akacheka kwa huruma, akachovya mkate. "Naonja tu."

Kumbe huko Bologna, Italia, mchuzi una makaratasi! Tarehe 17 Oktoba 1982 Akademia ya Mapishi ya Italia ilipeleka maelekezo ya kuupika kwenye chemba ya biashara ya mji ule, yakahifadhiwa kama hati ya kiwanja. Mwaka 2023 wakayafanyia marekebisho. Shemeji ananisomea haya huku anachovya.

"Nyanya umezidisha, shem. Yale ya 1982 yalisema gramu 300 za nyama ya ng'ombe, nyanya vijiko vitano."

Akachovya.

"Maziwa umetia?"

"Maziwa?"

"Glasi moja. Yanapunguza ukali wa nyanya." Akachovya. "Na hizo spageti rudisha kabatini. Mchuzi huu ni wa tagliatelle, tambi bapa. Zikishaiva upana wake milimita 8. Tangu 1972 kipimo chake kiko palepale kwenye chemba, cha dhahabu."

Dhahabu! Watu wana tambi ya dhahabu, mimi sufuria yangu mpini unacheza, nikiinyanyua nasali kwanza.

Sasa mimi ni mtu mzima, na ndugu wa mke anapewa heshima yake. Nikamwambia kwa sauti ya kikao kwamba mchango wake umepokelewa, utafanyiwa kazi, na akipenda aendelee kuufuatilia akiwa sebuleni. Akaitikia vizuri kabisa. Akafunua mfuniko. Akaingiza mkate mpaka vidole vikaguswa na mchuzi, akautoa na pande la nyama lililokuwa limejificha pembeni, akatafuna amefumba macho, akasema, "Chumvi bado."

"Shemeji, TOKA!"

"Nani anamfukuza kaka yangu?" Sauti kutoka chumbani. Masikio hayo hayo hayajawahi kusikia nikiita mtu aje kuosha vyombo.

Alitoka. Na mkate wake. Mchuzi ulikuwa umeshuka kuliko moto ungeweza kuushusha peke yake.

Mezani ndiyo usiseme. Mkubwa anatoa vitunguu kimoja kimoja anavipanga ukingoni mwa sahani. Mdogo anataka tambi nyeupe, bila mchuzi. Shemeji kashiba.

Mchuzi huu unanoga zaidi kesho yake, hilo kila mpishi anajua, kwa hiyo nikataka kuhifadhi kilichobaki. Haya, nitafutie mfuniko. Makopo yamejaa kabati zima, mifuniko imejaa kabati zima, na hakuna hata viwili vinavyojuana. Wa mviringo upo, kopo la mviringo halipo. Wa pembe nne unaingia kona tatu, ya nne inaruka. Inakwenda wapi mifuniko? Hakuna mtu anayekuja nyumbani kwako akaondoka na mfuniko mtupu. Na yule anayerudisha sufuria kwenye friji ikiwa na kijiko kimoja tu cha mchuzi ili asiioshe, tunamfahamu, anajifahamu, na usiku bado mrefu.