Mashine ya Boti Ikinoki: Kuisuka Upya au Kununua Nyingine?

Mvuvi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ambaye mashine yake ya nguvu za farasi 40 imenoki (pistoni imekwama ndani ya silinda) baharini hupewa ushauri wa aina mbili: fundi humwambia aisuke upya, yaani ifumuliwe na kubadilishwa vilivyoharibika, muuza mashine humwambia anunue nyingine. Kila mmoja anavutia kwake, lakini hakuna asiye na hoja.

Hoja ya fundi ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Mashine zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kama Yamaha Enduro, hukubali kufumuliwa: hazina vali za kichwani mwa silinda, zinatumia kabureta, na pistoni zake huuzwa pia zikiwa zimezidi kipimo cha kawaida kwa milimita 0.25 au 0.50, ili silinda iliyokwaruzika ichongwe na kutumika tena. Fedha nayo ina neno lake, kwa kuwa mashine mpya hutaka mkupuo, ilhali pistoni, ringi, beringi na gasketi hununuliwa kadiri mwenye boti anavyopata.

Hata hivyo, kusuka upya mara nyingi hutibu kilichoharibika na kukiacha kilichoharibu. Mashine hizi hupozwa kwa maji ya bahari yanayosukumwa na impela ndogo ya mpira iliyo juu ya giaboksi. Impela ikichakaa, au chumvi ikiganda katika njia za maji ndani ya bloki (mwili wa mashine wenye silinda), joto hupanda, pistoni ya aluminiamu hutanuka kuliko ukuta wa chuma unaoizunguka, na aluminiamu hujipaka kwenye ukuta huo kwa mistari ya kijivu unayoweza kuihisi kwa ukucha. Fundi akiichonga silinda hiyo na kuweka pistoni mpya bila kuzizibua njia za maji, mashine itanoki tena, na safari hii mwenye boti atakuwa ameshamaliza akiba yake.

Kwa maoni yangu, uamuzi usianzie kwenye bei bali kwenye bloki na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Vikiwa vizima, kusuka upya ni busara, mradi spea ziwe halisi (pistoni ya bei ya kutupa haina unafuu wowote). Bloki ikiwa imeliwa na chumvi, au krenki imepinda, kila shilingi inayoongezwa humo ni hasara. Mashine iliyozama ina hesabu yake: ikisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi, ikakaushwa, ikatiwa oili na kuwashwa siku hiyo hiyo, huweza kupona, ikiachwa wiki nzima ufukweni, hewa na chumvi hula beringi, na hapo muuza mashine ndiye mwenye haki. Kwa boti inayovusha abiria kati ya Nyamisati, upande wa bara, na Kilindoni, ningeegemea mashine mpya hata pale ambapo mvuvi angeweza kuvumilia iliyosukwa upya.

Mashine ya mtumba, ambayo wengi huiona kuwa njia ya kati, naiogopa kuliko zote mbili, kwa sababu mnunuzi hurithi makosa asiyoyajua. Anayelazimika kuichukua apime mgandamizo wa kila silinda (nguvu ambayo pistoni hubana hewa). Silinda mbili zikitofautiana sana, aiache.

Anayenunua mpya naye asiharakishe kuuza ya zamani kwa bei ya chuma chakavu. Akichukua ya aina ile ile, giaboksi, kabureta na propela ya ile iliyokufa vitamfaa kwa spea, na kwa hesabu hiyo pengo la bei kati ya njia hizi mbili hupungua.