Chira, skani na mguu wa mtoto wa jirani

Jirani yetu hapa Kondele amejifungua juzi, mtoto msichana, analia vizuri na kunyonya ananyonya, lakini juu tu ya kifundo cha mguu wa kushoto kuna mfereji umezunguka kama mtu alifunga uzi akakaza, halafu vidole viwili vya mkono vimeishia njiani. Kabla hata atoke wodi mama mkwe alikuwa ashasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko wa Wajaluo, shemeji naye akajifanya msomi, ati angepiga skani mapema hii kitu ingeonekana na kutibiwa. Mimi naona ni lawama ile ile, ya shemeji imevaa koti jeupe tu.

Hospitali walimwambia ni nyuzi za amnioni. Amnioni ni ule utando wa ndani wa mfuko wa maji anapokaa mtoto. Daktari mmoja wa uzazi, Torpin, mwaka wa 1965 alieleza kwamba utando ukichanika mapema vipande vinaelea kama nyuzi, vinazunguka kidole ama mguu, damu inabanwa, na saa zingine sehemu inakatika kabisa mtoto akiwa bado tumboni. Lakini mtaalamu mwingine, Streeter, 1930, alikuwa ashasema shida inaanzia kwa kiinitete chenyewe, yaani mtoto akiwa ndio anaanza kuumbika, na huwezi kumpuuza juu kuna watoto wenye kasoro za viungo vya ndani, sasa huko uzi ulifikaje? Hiyo kesi haijaisha mpaka leo. Kitu kinajulikana ni kwamba kwa kawaida hairithiwi, na si rahisi irudi mimba ingine.

Sasa skani. Shemeji hajakosea yote, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri angalau skani moja kabla ya wiki 24, na mguu uliovimba ukionekana mapema mama anapanga kuzalia mahali kuna daktari wa upasuaji, hapati ile shoki ya leba. Shida ni kwamba hizo nyuzi ni nyembamba sana, unaweza kupigwa skani uambiwe kila kitu kiko sawa na hawajaziona. Na hata zikionekana, kukata uzi kwa leza ndani ya tumbo ni kazi ya hospitali chache sana duniani, si kitu unapanda matatu unafuata mjini. Bado mimi ningelipa hiyo skani, kwa sababu ya kondo la nyuma, mapacha na kujua tarehe, lakini nisidanganywe ati ingeokoa hivyo vidole.

Kazi yenyewe iko baada ya kuzaliwa: ule mfereji unafunguliwa kwa upasuaji, mara nyingi kwa awamu, na unyayo ukiwa umepinda kuna plasta za Ponseti, za kunyoosha unyayo polepole, zinabadilishwa karibu kila wiki kabla ya viatu maalum. Hizo ni safari nyingi. Na huyo shemeji wa skani, miezi tisa yote hakuwahi kutoa hata pesa ya boda ya kwenda kliniki.