Raketi Begani, Uwanja Hakuna

Jamani, Mombasa hii mtu acheze tenisi wapi? Kandanda ukitaka, mawe mawili kichochoroni ni goli tosha. Tenisi yataka sakafu iliyonyooka, mita 23.77 kwa 8.23 hata mkiwa wawili tu. Si kitu cha kuchora kwa mkaa pale Majengo. Jumamosi nimetoka Likoni alfajiri, nikavuka feri, tuktuk mpaka Nyali. Askari wa getini akaangalia raketi, kisha raba zangu zilizochanika: "Wewe ni mwanachama ama mgeni wa hoteli?" Si yeyote, kaka. Kwengine nilikoruhusiwa, wavu umelegea kama chandarua cha mwaka juzi, na saa nne jua lishanipasua utosi. Nilikwenda na mipira mitatu. Miwili wameondoka nayo tumbili.