Hiyo rangi yako inatolewa na nini?

Mama mkwe alipokuja Marekani kututembelea, mke wangu alinipa masharti kabla hata hatujaenda kumpokea eapoti. Kaptura ndani ya nyumba marufuku, kula umesimama jikoni marufuku, na lile dude lako la plastiki silitaki kuliona sebuleni mpaka mama aondoke. Nikasema sawa. Mwanaume mwenye akili haanzi ubishi na mke ambaye mama yake yuko angani anakuja.

Dude lenyewe ni Dodge Challenger R/T ya mwaka 1970, yale magari ya kuunganisha mwenyewe, yanakuja kwenye boksi vipande vipande vimeshikana kwenye fremu, skeli ya 1/25, likikamilika lina urefu wa sentimita kama 19 hivi. Kwa wasiolijua, Challenger ya mwaka ule ni milango miwili, na injini yenye nguvu kuliko zote walizoliwekea ni ile Hemi 426, lita 7 jamani, farasi 425, wakati Noah ya kwetu Tanga ni lita 2 na inabeba ukoo mzima na mbuzi. Halafu sisi tunakaa Hamtramck, kamji kadogo ka Michigan kamezungukwa karibu kote na Detroit, na Challenger zile zilikuwa zinaundwa hapa hapa, kwenye kiwanda kilichoitwa Dodge Main, kikafungwa mwaka 1980 na kuvunjwa, sasa hivi pale kuna kiwanda cha General Motors. Kwa hiyo mimi nikikaa na gundi yangu usiku naona natunza historia ya mtaa. Mke wangu anaona mtu mwenye ndevu anachezea toi.

Basi nikahamishia gereji yangu chumbani, juu ya meza ya pasi. Kazi ilikuwa inakwenda, sio vizuri sana lakini inakwenda. Saitimira moja iliruka kwenye kibanio ikaingia kwenye zulia na mpaka leo zulia halijairudisha. Kioo cha mbele nilikibandika kwa supagluu, na ile gluu ina tabia mbaya, mvuke wake ukipata plastiki ya kuonea unaacha utando mweupe, kwa hiyo Challenger langu likapata mtoto wa jicho kabla halijatembea. Haya yote nilimeza. Ikabaki rangi.

Rangi bwana! Mwaka 1970 Dodge walikuwa na zambarau moja wameiita Plum Crazy, namba yake FC7, yaani zambarau ambayo hata bwana harusi hawezi kuvaa shati lake, na mimi ndo hiyo hiyo niliyoitaka. Nikanunua kopo la spreyi, rangi ya mafuta, ile inayochelewa kukauka ila inang'aa. Sasa upige wapi? Nje Disemba ya Michigan, barafu, na kopo la spreyi likiingiwa na baridi presha inashuka, badala ya ukungu linatema matone. Jikoni hapana, kuna chakula. Chumbani hapana, kuna mke. Kwa akili ya kawaida panapobaki ni bafuni, kuna feni ya kuvuta hewa, kuna pazia la bafu, na mlango unafungwa kwa komeo.

Nikasubiri mama amekula ubwabwa wake wa mchana amelala. Nikaweka maji ya uvuguvugu kwenye beseni nikalipasha kopo (uvuguvugu tu, ukiliweka kwenye maji ya moto utatolewa bafuni pamoja na ukuta), bodi nikaishikiza kwenye henga, nikawasha feni, nikaanza, koti nyepesi ya kwanza, unasubiri, koti ya pili, wallahi lilitoka zuri mpaka nikalisemesha. Nikalibeba taratibu kwenda nalo chumbani kulifunika na boksi lisiingie vumbi.

Kikaratasi cha maelekezo kinakueleza kila kitu kuhusu rangi inayofika kwenye gari. Ile isiyofika kwenye gari, inayobaki inaelea hewani, hakuna aliyeiandikia hata mstari. Na feni yenyewe, kumbe, ilikuwa inapiga kelele tu. Ule ukungu ukashuka wenyewe kwa raha zake ukatua kwenye kila kitu kilicholala, ukingo wa bafu, kopo la kutawadhia, na kiti cha choo. Sasa kingekuwa cheupe mtu angeona. Chetu ni cha mbao ya kahawia iliyoiva, mwenye nyumba alikipenda mwenyewe. Zambarau mbichi juu ya kahawia, kwenye taa ile ya kuonea huruma, hata mimi nisingeiona, sembuse mama mkwe ametoka kuamka na miwani kaiacha kitandani.

Nikiwa chumbani nikasikia mlango wa bafuni umefungwa. Nikatulia. Nikasikia maji. Halafu kimya, kimya kirefu. Halafu mama akamwita binti yake, sio kwa sauti ya hasira, afadhali ingekuwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeita shahidi.

Mke wangu akaingia. Akakaa huko. Akatoka amejibana mdomo, macho mekundu, akanifuata chumbani.

"Hiyo rangi yako inatolewa na nini?"

"Rangi? Rangi ya wapi?"

"Wewe niambie tu inatolewa na nini."

"Inategemea imeingia wapi, kama ni nguo..."

"Sio nguo."

Hapo ndo nikaelewa. Na nikishaelewa nikatamani nisielewe, maana kuna mambo ya mama mkwe ambayo hata kuyafikiria tu unajiona umekosa adabu. Alama yenyewe sikuiona na Mungu aninusuru nisije nikaiona, ila naweza kukadiria umbo lake.

Na tatizo sio aibu peke yake. Ile ni rangi ya mafuta, inafanya tabaka, na mikono ya mama nayo ilikuwa ina madoa ya kopo la kutawadhia, maji hayafiki kwenye ngozi, sasa udhu unashikaje? Na Magharibi ya Disemba huku inaingia saa kumi na moja jioni, hujamaliza kupiga miayo ya mchana. Nikawa bado najikuna kichwa, adhana hiyo, kwenye spika. Hamtramck wameruhusu adhana ya spika tangu mwaka 2004 na mama tangu afike kila siku anaisifia, kwamba hapa ni kama nyumbani, siku ile nilimwomba Mungu muadhini apatwe na kikohozi japo kidogo.

Kugongwa mlango. Ami, mwenye nyumba, Myemeni mzee anakaa chini, harufu ya rangi imemfuata mpaka kwake, maana mvuke ule ni mzito kuliko hewa, unashuka ngazi kama una miguu. Alidhani gesi inavuja. Nikamweleza ni rangi, ya gari. Gari gani? Ikabidi nimwonyeshe. Sasa Ami ujanani alifanya kazi Dodge Main, Wayemeni wengi wa mji huu walianzia pale, alivyoliona lile bodi la zambarau akasahau kabisa habari ya gesi, akaanza kunihadithia laini ilivyokuwa inakwenda, nani alikuwa anafunga milango, nami mama mkwe wangu yuko chooni amesimama maana kukaa hawezi.

Nikamkatiza. Ami, hii rangi ikishika ngozi inatolewa na nini? Akasema rahisi sana, mafuta ya kupikia kwanza, sugua taratibu, halafu sabuni ya vyombo. Imekushika wapi, mikononi?

"Ami, sio mimi."

"Mtoto? Usoni?"

"Sio mtoto, na sio usoni."

Akaniangalia. Akauangalia mlango wa bafuni. Akashika njia bila kuaga, nikamsikia anacheka ngazi mpaka ngazi.

Mafuta ya kupikia hamna, tumeyamaliza asubuhi kwenye maandazi. Yaliyopo ni mafuta ya nazi, chupa ambayo mama mwenyewe kaibeba kutoka Tanga ya kupaka nywele, na mafuta ya nazi chini ya digrii 24 hivi yanaganda, nayo yalikuwa dirishani, yaani jiwe. Chupa yenyewe shingo nyembamba, kijiko hakiingii. Nikaitumbukiza kwenye lile lile beseni nililopashia kopo la spreyi, nikachuchumaa pale naitikisa chupa kama nabembeleza mtoto, mke wangu kanyoosha mkono kwenye upenyo wa mlango anauliza bado, na ndani sauti ya mama, "Mwambie asiyachemshe, yatapoteza harufu."

Magharibi iliswaliwa Isha iko mlangoni.

Mezani usiku hakuna aliyezungumza. Baada ya chai mama akasema, "Baba, hebu lilete hilo gari." Nikalileta. Akaliangalia muda mrefu, miwani safari hii kavaa.

"Linakwenda?"

"Haliendi mama. La kuweka tu."

"Haliendi," akarudia, akamwangalia binti yake kwa jicho la pole. Kisha, "Na hapa limetoka vipele." Kweli, kwenye buti rangi ilikuwa na vipele.

Zilipopita siku rangi imekauka nikaanza kupaka fremu za madirisha, fedha, mkono unanitetemeka mistari inakwenda Chalinze. Mama alikuwa pembeni na kofia yake, anashona kofia za vito tangu msichana, tundu dogo dogo. Alivumilia weee akashindwa. Akaninyang'anya brashi, akaitupa, akachukua kijiti cha meno akachovya rangi. "Shika hapa. Usipumue." Akapiga fremu zote, vitasa, zile herufi R/T za grili, mstari haujatoka nje hata kwa unywele, mimi kazi yangu ikawa kushika na kutopumua. Alivyomaliza akaliweka dirishani, theluji kwa nyuma, akalipiga picha kwa karibu na simu yake, akairusha kwenye grupu la familia bila maneno yoyote.

Asubuhi nikakuta voisi ya mjomba wa mke wangu. "Mkwe, lile la zambarau nimeliona, mashallah. Usukani naona uko kushoto ila tutauhamisha. Hebu niambie mpaka bandari ya Tanga ni shilingi ngapi, na chako uweke."

Nikamjibu kwa adabu kwamba mjomba, lile halihitaji meli, dada yako akitaka anakuja nalo kwenye pochi.

Akakaa kama nusu saa hivi. Ikaingia voisi nyingine.

"Kumbe siku hizi yanakunjwa?"