Kelaguen ya nini?

Siku hizi jikoni kwetu inaruhusiwa mbuzi moja tu, ile ya kukunia nazi. Binti yangu aliacha nyama, samaki, maziwa na mayai akiwa mwaka wa pili chuoni. Asali nayo akaiacha. Mimi mtoto wa Tanga nikaanza kusoma maandishi madogo ya pakiti za biskuti dukani kama karani wa mahakama. Hilo nimelizoea. Kilichonishinda ni Jumapili za kwa jirani.

Tunaishi San Diego, mji wenye Wachamoru wengi, wenyeji wa Guam na visiwa vingine vya Mariana katika Bahari ya Pasifiki, kwa kuwa jeshi la majini la Marekani limewachukua vijana wa Guam vizazi na vizazi. Jirani yetu ni mmoja wa watu hao, mama aliyenizidi umri, na binti yangu humwita Anti. Wakikutana, binti huinama, akasogeza pua kwenye mkono wa Anti na kusema "ñora". Ndiyo shikamoo yao, na ina marahaba yake. Nilipoona mara ya kwanza nilijua tutaelewana.

Meza ya Anti ina wali mwekundu wa mbegu za mzingefuri, ambazo wao huziita achote, nyama za mkaa, na finadene, yaani mchanganyiko wa sosi ya soya, siki, vitunguu na pilipili. Na haikosi kelaguen, yaani nyama au samaki kwa limau na pilipili. Miezi mizima binti yangu alikula wali kwa finadene, akatosheka, hadi Anti alipotusimulia kwa fahari kwamba utamu wa ule wali ni mafuta ya bekoni. Binti aliweka kijiko mezani taratibu. Anti aliona. Tangu siku hiyo nikaamua lazima nipike kitu cha kupeleka.

Kelaguen inayojulikana zaidi ni ya kuku. Kuku huchomwa kwa mkaa, akachambuliwa na kukatwakatwa vipande vidogo, akakorogwa na maji ya limau, nazi iliyokunwa, vitunguu majani na pilipili. Huliwa ya baridi, imekunjwa ndani ya titiyas, mkate bapa wa mahindi au ngano. Wachamoru hugawa chakula kama tunavyogawa sisi: kuna aggon, ndicho chakula chenyewe, na kuna totche, ambayo mpwani yeyote angeiita kitoweo bila kufikiri mara mbili.

Jaribio la kwanza nilinunua "kuku" wa soya wa dukani. Sitaki kumkumbuka. Alifyonza limau lote kama sifongo, na ukitafuna unasikia supu ya unga. Jaribio la pili nikasema acha hila, nitumie uyoga mamama, ule wenye shina nene. Nilijua kelaguen ya kamba na ya samaki haioni moto kabisa. Limau ndilo linaloivisha. Nikaukata uyoga mbichi, nikaumwagia limau, nikausubiri. Baada ya nusu saa nilikuwa na bakuli la maji machungu yenye vipande vinavyoelea. Ukali wa limau hukaza nyama ya samaki, inageuka nyeupe na kuwa ngumu. Uyoga hauna cha kukazwa. Unatoa maji tu.

Mara ya tatu niliupasua uyoga kwa urefu, nikautia chumvi, nikauacha ujikamue kwenye chujio, kisha nikauweka juu ya mkaa hadi kingo zikawa nyeusi na katikati pakakauka. Ukichambua uyoga huo kwa vidole unatoka nyuzinyuzi. Sisemi ni kuku. Nasema una moshi, na una kitu cha kutafuna. Limau nikatia mwisho, nusu ya kiasi cha Anti.

Halafu nazi. Kifaa chao kinaitwa kåmyo: kigoda kifupi chenye chuma cha meno mbele, unakikalia ukaikuna nazi. Nilipokiona kwa Anti nilicheka hadi akadhani nimepatwa na kitu, maana mbuzi yangu imo kabatini, imetoka Tanga ndani ya sanduku la nguo. Ila mazoea ni mabaya. Nilikuna nazi, nikaikamua tui, nikashika machicha mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba kelaguen inataka nazi nzima, na tui lake ndani. Nikaanza upya na nazi nyingine.

Pilipili yao kali huitwa donne' såli. Såli ni ndege anayeila na kusambaza mbegu zake msituni. Ni ndogo, nyekundu, inasimama wima, na ukali wake ni wa pilipili kichaa. Msitu wa Guam ulipoteza ndege wake wengi kwa nyoka wa miti aliyeingia na shehena za kijeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini pilipili hiyo ipo, kila ua lina mche wake.

Sasa niseme maoni yangu, maana pale mezani nilinyamaza. Mpwa wa Anti, kijana mkubwa mwenye tatuu, alitazama bakuli langu akasema kelaguen bila kuku si kelaguen, huko ni kuharibu asili. Asili ipi? Pilipili na mahindi vyote asili yake ni Amerika, vilifika Mariana enzi za Wahispania, wakati merikebu za Acapulco zikipita pale kwenda Manila. Nyama ya kopo ilikuja na Wamarekani, ikazoeleka baada ya mapigano ya 1944 hadi ikawa chakula cha nyumbani, na kelaguen ya nyama hiyo ya kopo ipo, watu wanaila. Limau lenyewe wengi hutumia la unga, kutoka kwenye chupa. Anti mmoja wao. Sijasikia mtu akimwambia ameharibu asili.

Jina lenyewe linakubaliana nami. Ukisema kelaguen tu, Mchamoru anasubiri neno la pili: kelaguen mannok ni ya kuku, kelaguen uhang ya kamba, kelaguen guihan ya samaki. Ni kama kusema "mchuzi" ukanyamaza. Swali linalofuata ni "wa nini?" Kuku ni jibu mojawapo. Limau na pilipili ndizo zisizobadilika, na nazi kwa ile ya kuku, kwa hiyo wanaonikera mimi ni wapishi wa mtandaoni wanaobakiza kuku, wakaweka nazi kavu yenye sukari na kuitupa donne' kwa pilipili manga. Wao hawaambiwi kitu kwa kuwa kuku yupo.

Na kuna jambo nilichelewa kuliona. Wachamoru wana gollai hågun suni, majani ya majimbi yanayochemshwa sana hadi yaache kuwasha koo, yakapikwa kwa tui, manjano, limau na pilipili. Mboga tupu. Bibi yangu angeipokea bila kuuliza. Nilihangaika wiki tatu kutengeneza kuku asiye kuku, wakati sufuria hiyo ilikuwa inachemka nyumba ya pili. Bado sijuti kuhusu uyoga. Binti hakutaka mboga ya pembeni. Alitaka kukunja titiyas kama wenzake.

(Titiyas za ngano, kama wewe pia una mtu wa aina hiyo nyumbani: wengi hutia siagi. Tui zito linatosha, na ndani ya kelaguen hutaitambua tofauti.)

Anti alionja kwa kidole kwanza. Akaongeza pilipili. Akaonja tena, akamuuliza binti yangu, "Kelaguen håfa?" Ya nini?

"Ya uyoga, Anti."

Akatikisa kichwa kwamba sawa, akaisogeza katikati, kati ya ile ya kuku na ile ya kamba. Mpwa hakuigusa. Bakuli lilirudi Jumatano likiwa na kiganja kizima cha donne', na Anti mwenyewe mlangoni, akitaka kuazima mbuzi yangu. Chuma cha kåmyo yake kinalegea.