Nifungie Huku Nyuma

Juzi usiku, baridi la Julai likiwa limetufungia ndani hapa Mbeya, nilikuwa nimejifunika blanketi nikiitazama kwa mara ya tatu *Portrait of a Lady on Fire*, ile filamu ya Kifaransa ya mwaka 2019 kuhusu mchoraji wa kike na binti anayemchora, wanaoishia kupendana, huko Bretagne, Ufaransa, mwaka 1770, mdogo wangu akapita nyuma yangu na kusema, "Dada, hizo ni filamu za magauni tu." Anayesema hivyo ni mtu anayepiga pasi suruali moja saa nzima kabla ya kwenda kanisani.

Magauni tu! Dorothée Guiraud, aliyebuni mavazi yale, aliwapa wahusika nguo chache mno, na kwa sababu hiyo kila kifungo kina kazi yake. Mwanamke wa tabaka la juu wa karne ya 18 alivaa koseti iliyokazwa kwa kamba mgongoni, ambayo ni vigumu kuikaza vizuri peke yako, hivyo kila asubuhi ilihitajika mikono ya mtu mwingine, na mara nyingi mikono hiyo ilikuwa ya mwanamke mwenzake. Sisi tunalijua jambo hilo bila kufundishwa. Siku ya sendofu chumba hujaa mashangazi na mawifi, mmoja anageuza mgongo na kusema "nifungie huku nyuma", vidole vinapandisha zipu taratibu visije vikabana ngozi, vinamalizia kwa kishikizo kidogo cha shingoni, na hakuna anayegeuka kutazama. Wanawake waliopendana na wanawake walipita hapo hapo, mahali ambapo hapakuwa na jicho la mtu, na kwa kuwa waandishi wa kumbukumbu hawakuwa chumbani, mbunifu wa mavazi hana budi kuyasema mapenzi yao kwa kamba na vishikizo.

Nakubali, shingo upande, kwamba filamu hizi za wanawake wa zamani waliopendana zimezidi huzuni, na anayetaka kuwaona wapenzi wawili wakizeeka pamoja atasubiri sana. Wanaodai uhalisia wa kila uzi nao wapumzike: katika *The Favourite* ya mwaka 2018, filamu kuhusu Malkia Anne wa Uingereza, mbunifu wa mavazi Sandy Powell aliwavisha watumishi wa jikoni nguo zilizoshonwa kwa jinzi za mitumba, na jiko la malkia halikupungukiwa kitu.

Jumapili mdogo wangu alinijia na tai shingoni, akaomba nimwekee sawa kola kwa nyuma. Nilimwambia ni shati tu, aende hivyo hivyo.