Zimeni Spika, Kiboko Asikike

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp limeingia tangazo: "Safari tulivu ya boti Mto Rufiji! Mandhari ya kuvutia, mwongozaji mzoefu, DJ yupo!" Jamani, utulivu na DJ wamekutania wapi? Nikampigia wakala, dada mchangamfu kweli, nikamuuliza. Akacheka: "Kaka, Wabongo boti bila mziki wanaiona msiba."

Nimekasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Msafara wa aina hiyo nimeshawahi kwenda nao. Tulitoka Mbagala alfajiri, Kibiti tukaiacha lami, tukala vumbi mpaka Mloka. Tukaingia Hifadhi ya Nyerere, tukapanda boti, na mto ukaanza kujieleza wenyewe: michanga, miti mirefu ya mivumo, mamba ameachama juani kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Mwongozaji, kijana wa kulekule, akazima injini kando ya ukingo wa udongo uliojaa vitundu. Ndege wanaoitwa keremkerem walikuwa wanaingia na kutoka na wadudu mdomoni. Akaanza kutueleza wanavyotoboa kwa mdomo na kufukua kwa miguu mpaka shimo linapita urefu wa mkono wa mtu.

Hakumaliza. Huko nyuma mtu aliwasha spika ya kuchaji, ile yenye taa za rangirangi, na ndege wote wakatimka. "Endelea tu braza, tunakusikia," wakamwambia. Tunamsikia wapi! Yule kijana akanyamaza, akarudi kwenye injini. Kuanzia hapo tukawa tumemlipa dereva.

Hicho ndicho kinachoniuma. Watu wanadhani mwongozaji ni pambo la safari, mtu wa kutaja majina ya wanyama ili tupige picha. Kazi yake kubwa ni kusikiliza na kusoma maji. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi, na hutembea huko chini humwoni. Unachopata ni mapovu, kiwimbi kinachosogea bila upepo, au mkoromo upande ambao hukuutazamia. Mwongozaji anatakiwa ajue mnyama yuko wapi na kina kirefu kiko wapi, kwa sababu ukijiweka kati ya kiboko na maji marefu umemzibia njia ya kukimbilia, na hapo hana mzaha. Sasa mtu huyo mnamfungulia besi sikioni halafu mnataka awarudishe salama?

Nilikuwa na swali pia. Juu ya mto, ndani ya hifadhi hiyohiyo, kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera yamezoea kupokea maji ya mto unapofurika. Nilitaka kumuuliza mtu anayeyaona kila siku: tangu bwawa lijengwe, maziwa yanakwendaje? Viboko wamehama? Samaki je? Hayo hayamo kwenye kipeperushi cha wakala. Nilirudi Dar na swali langu, na kiitikio kimoja kilichogoma kunitoka kichwani wiki nzima.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mtu aliyeshinda wiki nzima kwenye foleni ya Mbagala ana haki ya kujiachia. Na huyo mwenye spika angalau amefika. Wengine Rufiji wanaijua kwa habari za mafuriko ya 2024 tu. Lakini sehemu za kujiachia si zipo? Coco Beach ipo. Kigamboni ipo. Boti za kwenda Mbudya wikiendi zinacheza mpaka mbao zinalia, wala sijawahi kumsumbua mtu. Hifadhini kelele zimekatazwa, halafu tunauziana tangazo kana kwamba katazo hilo ni la Wazungu.

Wanaotaka kurushwarushwa na maji nao wana kwao: Jinja kule Uganda, au Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria, kofia ngumu kichwani na kasia mkononi. Kuhusu jaketi okozi sina mjadala: vaa na ufunge mikanda, hata kama linaharibu picha yako.

Kinachonichosha zaidi ni hiyo "Wabongo hawataki". Nani alituuliza? Wageni kutoka nje wanauziwa saa tatu za ukimya mtoni, na mwongozaji anaongea mpaka anamaliza. Sisi tunapangiwa DJ, halafu tunaambiwa ndiyo ladha yetu.

Basi dada wakala, tufanye hivi. Safari ijayo weka boti mbili, ya mziki na ya kimya, bei moja, tarehe moja, tuone ipi itajaa kwanza. Mimi niandikie kiti kwenye ya kimya, mbele, karibu na mwongozaji. Pesa nakutumia leo.